Mgeni aliyempa mwenyeji jembe

Wabelgiji walifika Karema mwaka 1879 wakijiita wanajiografia. Waliowafuata walikuja na msalaba, dawa ya malale, reli na hifadhi ya wanyama. Makala haya yanafuata nyayo zao mkoani Katavi.

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

KAREMA, asubuhi. Dagaa hutandazwa juu ya nyavu kuukuu kabla jua halijakolea, na harufu yao hukupokea kabla hujaliona ziwa. Mitumbwi ya usiku imeshavutwa mchangani, taa zimezimwa, sasa ni zamu ya kubishania bei ya ndoo. Ng'ambo ni Moba na Kalemie, miji ya Kongo.

Ukilipa ziwa mgongo unakutana na misheni kongwe ya Kanisa Katoliki, iliyoanzia ndani ya boma la Wabelgiji. Ukiligeukia ziwa unaiona bandari mpya, iliyokamilika mwaka 2022 kwa zaidi ya shilingi bilioni 47. Boma na bandari vimepishana kwa zaidi ya miaka 140, lakini vilijengwa kwa sababu moja: Kongo iko ng'ambo.

Mwanafunzi wa sekondari mjini Mpanda akiulizwa kwenye mtihani ataje sababu, aina na athari za ubeberu wa Ulaya, ataandika Bismarck, ataandika Berlin, ataandika viwanda vya Uingereza vilivyokosa malighafi. Atapata maksi zake. Karema haimo kwenye daftari, ingawa ni mwendo wa kilomita mia moja na kitu kutoka kwenye dawati lake, na ingawa hapo ndipo chama cha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kilipojenga kituo chake cha kwanza katika Afrika nzima.

Kabla ya Leopoldville kulikuwa na Karema.

Wanajiografia wenye bendera

Septemba 1876 Leopold aliwaalika kwenye kasri lake mjini Brussels wasafiri mashuhuri, wanajiografia na wakubwa kadhaa wa Ulaya. Katika mkutano huo kikazaliwa Chama cha Kimataifa cha Afrika. Shabaha zilizotangazwa zilikuwa njema: kuchora ramani, kujenga vituo ambamo wasafiri wangepumzika na kupata mahitaji, na kukomesha biashara ya watumwa.

Nani angekataa? Biashara hiyo ilikuwapo kweli. Misafara ya Ujiji na Tabora ilipitisha pembe na watu, na vijiji vya mwambao wa Tanganyika vililala vikisikilizia milio ya bunduki. Aliyesema anakuja kuikomesha alikuwa na neno mdomoni ambalo hakuna padre wala mbunge wa Ulaya angelipinga.

Shabaha isiyotangazwa ni kwamba Leopold alikuwa mfalme wa nchi ndogo, iliyopata uhuru wake mwaka 1830, isiyo na koloni hata moja, na wanasiasa wake hawakutaka gharama ya kutafuta. Chama kisicho cha serikali kilimpa uchochoro wa kupitia. Kikapewa na bendera: uwanja wa buluu na nyota moja ya dhahabu. Sijui chama gani kingine cha wanajiografia kilihitaji bendera. Mwaka 1885 bendera hiyo hiyo ilikuwa ya dola, lile lililoitwa Dola Huru la Kongo.

Msafara wa kwanza ulianza na misiba. Wabelgiji wawili wa msafara huo, Crespel na Maes, walifia Zanzibar Januari 1878 kabla ya kukanyaga bara. Mwenzao Wautier akafia njiani kabla mwaka haujaisha. Akabaki Kapteni Ernest Cambier, naye akafika Karema tarehe 12 Agosti 1879.

Ujiji ilikuwa imeshajaa. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa na nguvu pale, na wamisionari wa Kiingereza na wa Kifaransa walikuwa wameshatua. Karema palikuwa pembeni, mahali ambapo mtu angeweza kuanza upya bila kuomba ruhusa kwa wengi.

Mskoti Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1880 akastaajabu kwa nini mtu achague kinamasi kisicho na bandari. Kisha ziwa nalo likawakimbia wageni. Maji ya Tanganyika yalikuwa yamepanda mno, yakazibua njia ya Mto Lukuga upande wa Kongo, na kwa miaka mingi yakaendelea kushuka. Boma lililokusudiwa kutazama maji likabaki linatazama tope.

Tembo wa Msasani

Shida kubwa ya mgeni ilikuwa mzigo. Kutoka pwani hadi ziwani kila kitu kilibebwa kichwani au begani: risasi, dawa, mvinyo, vitanda, na robota za merikani na kaniki, maana nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Hiyo ilikuwa kazi yao ya kujivunia. Walijua bei yake, walijua siku za kupumzika, na wakidhulumiwa walitua mizigo wakaondoka. Ng'ombe na punda hawakuwa jibu. Ndorobo waliwamaliza njiani.

Leopold akapata wazo. Akalipia tembo wanne kutoka India, pamoja na walezi wao, wakashushwa Msasani mwaka 1879, kwenye ufukwe ambao leo ni wa wenye fedha zao Dar es Salaam. Kiongozi wao alikuwa Mwairishi, Frederick Carter. Tembo wangebeba mizigo, na zaidi ya hapo wangesaidia kuwafuga tembo wa huku ili nao wabebeshwe. Kupeleka tembo Katavi ni sawa na kupeleka karafuu Pemba, lakini mfalme hakuwa amefika.

Njia iliwashinda. Walitwikwa mizigo mizito, wakalishwa walichozoea na wasichozoea, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Aliyefika Karema akabaki wa mwisho aliitwa Pulmalla. Wenzake walikuwa Sundergrund, Naderbux na Sosankalli.

> Majina ya tembo wote wanne yameandikwa vitabuni. Ya wapagazi waliokufa kwenye njia hiyo hiyo, huyapati.

Juni 1880 Carter na mwenzake, Cadenhead, walikuwa Mpimbwe wakati wapiganaji wa Mtemi Mirambo walipokivamia kijiji. Wote wawili wakauawa. Mirambo alikuwa na vita vyake na majirani zake, na inaelekea Wazungu hao walikutwa tu mahali pabaya. Baadaye mwenyewe alisema haikuwa kusudi lake. Ulaya hawakuusikiliza upande huo.

Mpimbwe hiyo ndiyo iliyokuja kuipa nchi hii waziri mkuu, Mizengo Pinda. Wengi wanaijua kwa Pinda. Ni wachache wanaoijua kwa Carter, ingawa kifo chake kiliwapa wakubwa wa Brussels hoja ya kuongeza bunduki. Kituo cha kupumzikia wasafiri kikazidi kuwa ngome, na hakuna aliyelazimika kutangaza kwamba shabaha imebadilika.

Kichwa kilichovuka bahari

Mwaka 1882 amri ya Karema ikashikwa na Emile Storms, ofisa wa jeshi la Ubelgiji. Mwaka uliofuata akavuka ziwa na kujenga Mpala, ambayo leo imo Kongo. Ng'ambo huko kulikuwa na mtawala wa Watabwa aliyeitwa Lusinga, ambaye hakutaka kuwa chini ya mtu.

Lusinga hakuwa malaika. Aliishi kwa bunduki na kwa kuuza watu, na vijiji alivyovichoma havikumlilia. Hapo watetezi wa Storms wana hoja yao, na mwandishi mkweli hawezi kuiruka.

Lakini tazama lilivyofanyika. Tarehe 4 Desemba 1884 wapiganaji wa Storms, wengi wao rugaruga wa kukodiwa, walimuua Lusinga na kumkata kichwa. Fuvu likasafirishwa Ubelgiji. Sanamu ya ukoo wake, iliyochongwa kwa mti, nayo ikachukuliwa. Sasa imo katika jumba la makumbusho la Tervuren, nje ya Brussels. Fuvu likaishia katika taasisi ya sayansi ya viumbe ya mjini Brussels. Mtu anayekomesha biashara ya binadamu alirudi kwao na kichwa cha binadamu ndani ya mzigo.

Wakati huo huo Berlin walikuwa wamekaa mezani tangu tarehe 15 Novemba. Walikaa hadi tarehe 26 Februari 1885, na kwenye meza hiyo hakukuwa na kiti cha Mwafrika. Vitabu vya shule hutupa picha ya Berlin kama mahali keki ilipokatwa. Kwa watu wa Ziwa Tanganyika kisu kilikuwa kimeshafika. Berlin walikuwa wanaandikishana tu nani ameshika mpini.

Leopold akapata Kongo, ikiwa na mpaka wa mashariki katikati ya ziwa. Karema ikawa upande usio wake. Mwaka huo huo wa 1885 akaikabidhi, pamoja na Mpala, kwa Wamisionari wa Afrika, wale ambao watu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Aliigawa kama mpangaji anayehama na kumwachia rafiki yake nyumba ya mwenyewe.

Storms alipata heshima zake kwao, hata sanamu ya kifua chake ikasimamishwa kwenye bustani mojawapo ya eneo la Brussels. Mwaka 2022 iliondolewa, baada ya mabishano ya miaka. Mwaka huo huo Ubelgiji iliirudishia Kongo jino la Patrice Lumumba. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea kuomba radhi kwa yaliyofanywa katika Vita vya Majimaji. Karema haimo kwenye orodha hizo. Si Mjerumani aliyeianza, na Mbelgiji aliyeianza alikwishahama.

Siku ya tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Karema methali iligeuzwa. Mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe, akamwonyesha pa kulima, kisha akarudi kudai kodi.

Nianze na mapadre, kwa kuwa hapa ndipo ubishi ulipo mkali zaidi.

Kadinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao, aliota ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika. Karema mapadre walikomboa watumwa kwa kuwanunua, wakawalea watoto, wakawaoza vijana, wakawapa mashamba, na wakati huo huo walikuwa waamuzi, walinzi na watawala wa kijiji. Aliyekombolewa alikuwa huru, ndiyo, lakini ndani ya kuta.

Mmoja wa waliopita njia hiyo ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akaibwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara, akanunuliwa na wamisionari Algeria, wakampeleka kisiwani Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa katekista na daktari. Alikaa hapo mpaka alipokufa mwaka 1956.

Fikiria hesabu hiyo: miaka 67 ya kushona majeraha, kung'oa meno na kuzalisha, katika kijiji kisichokuwa kwao. Aliwakuta Wajerumani wakiingia, akawaona wakiondoka, akawaona Wabelgiji wakirudi na Waingereza wakifuata. Watawala walibadilisha bendera, yeye akabadilisha bendeji. Hospitali ya Dk. Atiman mjini Sumbawanga inabeba jina lake.

Wazee wa Kanisa wanapokumbuka Karema wanamkumbuka Atiman, na wanalikumbuka Shirika la Masista wa Maria Malkia wa Afrika, lililoanzishwa hapo mwaka 1907 chini ya Askofu Adolphe Lechaptois. Wanauliza: huo nao ni ubeberu? Wanaosoma historia kwa jicho la ukoloni hujibu kwamba shule na zahanati ndizo zilizowazoesha watu kutii, mpaka Mjerumani alipokuja kuhesabu nyumba akakuta watu wameshapangwa mistari.

Mimi naona pande zote mbili zinamtazama Atiman nusu. Ubeberu ulimnyang'anya kwao na ukamtumia. Yeye naye aliutumia ujuzi aliopewa kwa watu ambao hakuna gavana aliyewahi kuwajali hivyo. Kumwita kibaraka ni uvivu. Kumfanya ushahidi kwamba ukoloni ulikuwa na huruma ni uvivu pia.

Kodi haikuwa na utata kama huo. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, rupia tatu kwa nyumba ya kijijini. Rupia haioti shambani. Ili kuipata, kijana aliuza mazao kwa bei ya mnunuzi au alikwenda kufanya kazi mbali. Kizazi baada ya kizazi vijana wa magharibi walitembea kwenda kwenye mashamba ya mkonge, wakapewa namba, ndipo likazaliwa jina la manamba. Katavi haikuhitaji mashamba makubwa ya walowezi ili itawaliwe. Ilitosha kudaiwa sarafu isiyokuwa nayo.

Malale na amri ya kuhama

Nje ya Karema, athari iliyokaa mwilini mwa mkoa huu kuliko zote ilianza na ng'ombe. Mwaka 1890 na 1891 sotoka ilifagia mifugo na wanyama wa porini Afrika Mashariki yote. Njaa na ndui zikafuata. Vita Kuu ya Kwanza ikachukua wanaume wakabebe mizigo ya majeshi. Julai 1916 Wabelgiji waliiteka Kigoma, Septemba wakaingia Tabora. Wajerumani nao, walipoondoka Kigoma, waliizamisha meli yao Götzen, ambayo Waingereza waliiopoa na kuiita Liemba.

Mashamba yaliyokosa watu yakarudi kuwa pori. Pori likaleta wanyama, wanyama wakaleta ndorobo, na ndorobo wakaleta malale.

Miaka ya 1920 ugonjwa ulilipuka magharibi mwa Tanganyika. Serikali ya Waingereza ikamtuma Dk. George Maclean. Tiba yake kubwa haikuwa sindano. Aliamini kwamba watu waliotawanyika kaya moja hapa, tatu kule, hawana nguvu ya kulisukuma pori. Wakusanywe pamoja, wafyeke, walime kwa kushikana, ndorobo atakosa kichaka cha kukaa. Wapimbwe, Wakonongo, Wabende na wengineo wakaamriwa kuhamia makazi yaliyochaguliwa. Inyonga, Uruwira na Mpimbwe ni majina yaliyojaa katika habari za uhamisho huo.

Picha yake ni rahisi kuiona hata kwa mtu ambaye hakuwapo. Ofisa anakuja na tarehe. Mavuno yanabebwa kadiri mabega yanavyoweza. Kinachoachwa ni makaburi, miti ya matunda iliyopandwa na babu, mizinga juu ya miombo, mahali pa kutambikia. Mkonongo bila mizinga ni nusu Mkonongo. Asali yake imo kwenye pori ambalo sasa ameambiwa ni la ugonjwa.

> Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Na amri nayo ilimrahisishia mtawala kuhesabu vichwa na kukusanya kodi.

Je, ilikuwa tiba au utawala? Upande mmoja unasema malale ilipungua katika makazi mengi, na mtu aliyeokoka hana deni la kuuliza kwa nini. Mwaka 1977 mtafiti Helge Kjekshus alichapisha kitabu kilichogeuza swali: watu wa Tanganyika walikuwa wanalidhibiti pori lao kwa karne nyingi, kwa moto, mifugo na jembe, mpaka maafa ya miaka ya 1890 na utawala wa kigeni vilipowapokonya uwezo huo. Kwa hesabu yake, daktari alikuja kutibu kidonda ambacho utawala ulichangia kukichimba, na kila kijiji kilichohamishwa kiliwaachia ndorobo eneo jingine.

Hoja zote mbili zinasimama. Lakini amri ile ilifundisha somo ambalo serikali zetu wenyewe hazikulisahau. Miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wa Mpanda walihamishwa tena, safari hii kwa jina la Ujamaa, na wapo waliokwisha kuhamishwa utotoni na Mwingereza wakahamishwa uzeeni na mtu wa kwao.

Mkwaju wa Katabi

Pori lililobaki bila watu halikukaa bila mwenyewe. Mamlaka ya hifadhi huianza historia ya Katavi mwaka 1911, Wajerumani walipotenga eneo. Waingereza wakaliendeleza kama pori la akiba la Rukwa. Mwaka 1974 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa, na katika miaka ya 1990 ikapanuliwa mpaka kufikia kilomita za mraba 4,471.

Jina lenyewe ni la Katabi, mwindaji wa simulizi ambaye roho yake inasemekana hukaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi. Watu wameendelea kupeleka sadaka pale, ndani ya hifadhi.

Watalii huja kuwatazama viboko wa Mto Katuma. Kiangazi maji yanapokauka, mamia ya viboko hubanana kwenye dimbwi moja la tope, migongo ikigusana, madume yakitafunana kugombea inchi za unyevu. Juu ya mto kuna wakulima wa mpunga wanaokinga maji hayo hayo. Mhifadhi anasema mto unakufa. Mkulima anasema mpunga ndio ada ya mtoto. Kuna na mfugaji, mara nyingi Msukuma aliyefuata malisho, ambaye hukuta mpaka mahali ambapo jana aliona majani tu.

Simlaumu Mjerumani wa 1911 kwa kila kiboko wa leo. Lakini ramani inayogombewa ilichorwa nchi ikiwa imepungukiwa watu kwa tauni ya ng'ombe, njaa, vita na amri ya kuhama, na mchoraji akadhani, au akajifanya kudhani, kwamba ilikuwa tupu tangu mwanzo.

Reli ya risasi

Ukitaka kuuona ubeberu wa kiuchumi kwa macho, nenda stesheni ya Mpanda. Tawi la reli kutoka Kaliua lina urefu wa kilomita 210 na lilifunguliwa mwaka 1950. Halikujengwa kwa ajili ya tumbaku, mahindi wala abiria. Lilijengwa kufuata madini ya risasi ya Mukwamba, yaliyochimbwa na kampuni iliyochukua jina la mahali, Uruwira Minerals.

Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa haina dola za Kimarekani. Makoloni yalitakiwa kutoa chochote kinachouzika au kinachookoa fedha za kigeni. Miaka hiyo hiyo karanga zilikuwa zinafyekewa pori Urambo, jirani tu na Kaliua, katika mradi uliokuja kuwa kichekesho cha dola nzima. Risasi ya Mpanda haikuchekesha. Ilipakiwa behewani ikaenda pwani, na pamoja nayo shaba, fedha na dhahabu kidogo.

Mpanda mjini palikua kwa mgodi huo. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru, mgodi ulifungwa. Reli ikabaki, na huo ndio mzaha wa historia: njia iliyotandikwa ili kutoa mali nje ikawa uti wa mgongo wa mkoa ambao hakuna aliyeukusudia. Kwa miaka mingi masika yalipokata barabara, treni ndiyo iliyokuwa barabara.

Lakini tazama inapoishia. Ziwa liko mbele, zaidi ya kilomita mia. Mjenzi hakusukuma mataruma hata hatua moja kulielekea, kwa sababu risasi iliishia hapa.

Mpaka uliozaa vijiji

Nje kidogo ya Mpanda iko Katumba, na mbele zaidi Mishamo. Makazi hayo yalifunguliwa miaka ya 1970 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Burundi ilikuwa mkononi mwa Ubelgiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Wabelgiji waliupanga utawala wao kwa kuwabagua Wahutu na Watutsi, wakawaondoa machifu wa upande mmoja na kuwakweza wa upande wa pili.

Mwaka 2014 zaidi ya wakimbizi 160,000 wa makazi ya zamani, Katumba na Mishamo yakiwemo, walikabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Wengi walizaliwa hapa hapa. Ni wakulima hodari, na soko la Mpanda linalijua jasho lao. Leopold alishaondoka Karema. Ubelgiji ilirudi Katavi kwa mlango wa nyuma, ndani ya maisha ya watu hawa.

Gati bila reli

Turudi ziwani. Wanaoisifu bandari mpya wanasema hiki ndicho ambacho mkoa haukuwahi kuwa nacho: mlango wake wenyewe wa kwenda Kongo. Zamani meli kama Liemba ilitia nanga mbali, abiria na magunia vikashushwa kwa mitumbwi huku mawimbi yakipiga. Sasa kuna gati, na matumaini ni kwamba shaba ya Katanga itapita huku kwenda Dar es Salaam, na saruji, unga na mchele vitavuka kwenda Kalemie.

Wenye shaka hawaipingi bandari. Wanauliza kitakachobaki Karema shehena ikishapita. Historia inawapa sababu ya kuuliza: pembe zilipita hapa, watumwa walipita, wapagazi walipita, tembo wanne walikusudiwa kupita, na mkoa ukabaki na njia.

Kuna na la boma. Wapo wanaotaka kuta za misheni na kaburi la Atiman viwe kivutio cha watalii wanaokuja kuwaona viboko. Nasema sawa, ilimradi mwongozaji asianze hadithi kwa Kapteni Cambier na kuimalizia kwa kadinali. Aanze na mpagazi mwenye robota la merikani begani. Amtaje Lusinga, mabaya yake na kichwa chake.

Na mpango wa reli upo: kuiendeleza kutoka Mpanda mpaka Karema, ili gati na treni vikutane. Ukifanyika, itakuwa mara ya kwanza kwa reli hiyo kufuata mahali ambapo watu wa Katavi wenyewe wanataka kwenda na mizigo yao. Kwa sasa malori ndiyo yanayobeba, vumbi likiyafuata nyuma kiangazi na tope masika. Stesheni ya Mpanda, vyuma viwili vya mwaka 1950 vinakoma kwenye majani.